Sauti Isiyopunguzwa

Je, ni halali kukitupa kitu kwa hoja kwamba hapana atakayetambua kuwa kimetupwa? Swali hili lingeweza kuulizwa na kadhi, na mpima nafaka sokoni, au na mpishi wa shughuli aliyepunguza viungo katika pilau ya watu mia tatu. Siku hizi linaulizwa pia, pengine bila ya wenyewe kujua kuwa wanaliuliza, na watu wanaokusanya muziki. Na jawabu wanalolitoa haliko katika maneno yao bali katika ukubwa wa mafaili waliyoyaweka.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, ili msomaji asiyekuwa na mazoea ya mitambo asiachwe nyuma. Sauti inapotiwa katika CD hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, upande wa kulia mbali na wa kushoto mbali. Kwa hesabu hiyo wimbo wa dakika nne huchukua kiasi cha megabaiti 42. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu, wengi wao wakiwa wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walikamilisha njia ya kuueneza wimbo huo huo katika megabaiti nne hivi, nayo ndiyo MP3. Hawakufanya muujiza. Walilichunguza sikio la binadamu wakauona udhaifu wake: sauti ndogo ikipigwa wakati mmoja na sauti kubwa iliyo jirani nayo, ile kubwa huifunika ndogo, na msikilizaji hana habari. Wakatunga hesabu ya kukisia, katika kila kipande kidogo cha sekunde, ni zipi zilizofunikwa. Nazo zikapunguzwa au zikaondolewa kabisa. Zilizoondolewa hazirudi. Njia ya pili, ambayo mashuhuri katika aina zake ni FLAC iliyotolewa na Josh Coalson mwaka 2001, haiondoi kitu. Yenyewe hukunja tu, mfano wa mtu akunjaye kanga ili ienee sandukuni, na siku ya kukunjua kila uzi uko pale pale ulipokuwa. Kwa kuwa haitupi, haiwezi kubana sana: nafasi inayookolewa ni kiasi cha nusu, na mara nyingi haifiki hapo.

Mtu niliyemwona akilishika jambo hili kwa uzito usio wa kawaida anaishi Same, mji ulio chini ya milima ya Upare Kusini, katika upande mkavu ambao mvua inayoangukia misitu ya Chome na kilele cha Shengena, chenye takriban mita 2,460, aghalabu haiufikii. Ni mwalimu mstaafu, na kwa kuwa hapendi kutajwa, nitamwita Mwalimu, kama wamwitavyo majirani zake. Katika diski zake mna mikusanyo miwili anayoitunza kuliko mingine yote. Wa kwanza ni wa Queen, kundi la rock la Uingereza ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa kwetu Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mwalimu anazo albamu zote 15 za studio, tangu ile ya mwaka 1973 hadi ya mwaka 1995 iliyotoka baada ya Mercury kufariki, na zote amezitoa mwenyewe katika CD na kuzikunja kwa FLAC. Wa pili ni wa Simba Wanyika.

Msomaji asishangae kuyaona majina haya mawili katika sanduku moja. Ndugu Wilson na George Kinyonga walianzia Tanga, katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa walikoiunda Simba Wanyika, kabla ya kuhamia Nairobi katikati ya miaka hiyo ya 1970. Njia kuu ya kutoka Tanga kwenda Arusha hupita Same. Kwa Mwalimu, basi, huu si muziki wa mbali. Ni muziki uliopita mlangoni pake.

Mikusanyo hii miwili haifanani hata kidogo, na katika tofauti yao ndimo swali langu linamokaa. Ule wa Queen ni kamili kwa maana zote za neno hilo. Kanda zao za asili zimehifadhiwa. Kila ulipokuja mtambo mpya albamu zao zilitolewa upya, tangu santuri na kaseti hadi CD na mafaili ya kununua. Na kila toleo lina jina la fundi aliyelisafisha. Ule wa Simba Wanyika umeokotwa. Baadhi umetoka katika CD zilizochapwa Ulaya, baadhi katika santuri ndogo za mizunguko 45 zilizonunuliwa kwa watu waliokuwa wakihama nyumba, na baadhi katika kaseti ambazo kwazo hakuna ajuaye zilinakiliwa mara ngapi kabla ya kumfikia. Na vyote hivi, cha dhahabu na cha kuokota, Mwalimu anaviweka katika mfumo ule ule usiopunguza.

Hapo ndipo watu wanapomcheka. Kuna haja gani, humuuliza, ya kuihifadhi mikwaruzo ya santuri kwa uaminifu wote huo? Tena husema, na hili ni kweli, kwamba watu wengi wakifungwa macho na kusikilizishwa MP3 iliyotengenezwa vizuri, kisha wakasikilizishwa CD yenyewe, hawawezi kusema ipi ni ipi. Seuze mtu aliyepita miaka sitini, ambaye sauti nyembamba kabisa za juu zimekwisha kumtoka masikioni. Watani wake huongeza kuwa Mpare hata mikwaruzo haitupi. (Wapare wamesingiziwa ubahili kwa muda mrefu, na naona huyu hakuchukizwa na mzaha huo.)

Ipo hoja ya zamani ambayo inafaa kuletwa hapa, nayo inawahusu hasa watu wa visiwani. Mwanafalsafa wa Kijerumani Leibniz, katika kitabu alichokimaliza karibu na mwaka 1704 na kikachapwa mwaka 1765, alipokuwa amekwisha kufa, aliuliza tunausikiaje uvumi wa bahari tukiwa ufukweni. Uvumi ule umefanywa na wimbi hili, na lile, na jingine, kwa maelfu. Wimbi moja peke yake, lau lingekuwa pekee, tusingelitambua. Hata hivyo, akasema, ni lazima kila moja liwe linatugusa kwa kiasi fulani, kwa kuwa vitu laki visivyokuwa na athari yoyote haviwezi kukusanyika vikafanya kitu kimoja chenye athari. Kutotambua, kwa hiyo, si sawa na kutosikia. Kuna kusikia kulikotangulia fahamu, na humo ndimo sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ladha, au hali ya wimbo, inamoingilia. La ajabu ni kwamba mtu huyu ndiye aliyeeleza, katika andiko la mwaka 1703, hesabu ya kuandika kila namba kwa sifuri na moja, hesabu ile ile ambayo leo inatumika kuuandika wimbo wote wa Queen, na inatumika vile vile kuukata.

Sidai kwamba Leibniz anawashinda wataalamu wa MP3. Wao walipima masikio, yeye alikaa akafikiri, na wimbi lililofunikwa kabisa na jingine huenda kweli lisifike popote. Ninachokichukua kwake ni tahadhari. Yule anayesema "hapana atakayetambua" anazungumza kwa niaba ya watu wengi ambao hajaonana nao, wakiwamo ambao hawajazaliwa. Anajuaje? Amewapima wasikilizaji wa leo, kwa spika za leo, wakiusikiliza wimbo kwa kuuburudikia. Kesho huenda akaja mtu asiyetaka kuburudika, bali anataka kujua gitaa la pili lilikuwa likipiga nini chini ya gitaa la solo. Na la pili ndilo hasa lililokuwa limefunikwa. Mwenye kusikiliza kwa furaha yake ana haki ya kutupa apendacho. Mwenye kuhifadhi hana, kwa kuwa amekwisha kujiweka katika nafasi ya mtu aliyepewa amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa. Mtu akikuwekea mkufu wa dhahabu, huchomoi pete moja ya katikati kwa kuwa mkufu una pete nyingi.

Hoja hii ina sehemu ya kawaida pia, isiyohitaji falsafa. Kinachopunguzwa mara moja aghalabu hupunguzwa mara nyingi. Katika miji yetu muziki uliuzwa kwa miaka mingi na vijana wenye kompyuta moja na meza, kwanza kwa kuchoma CD, baadaye kwa kujaza nyimbo katika memori kadi za simu. MP3 ilichomwa ikawa CD, CD ikatolewa tena ikawa MP3, na kila safari makisio yalifanywa upya juu ya makisio ya zamani. Baada ya safari nne au tano matoazi ya drams husikika kama mchele unaopepetwa. Na limezuka jambo baya zaidi ya hilo: MP3 iliyochakaa hutiwa katika FLAC, ikapewa jina la sauti kamili, ikapokewa kwa heshima zote. Mfumo usiopunguza hauna njia ya kukirudisha kilichokwisha kupungua. Hukihifadhi kwa uaminifu kile kile alichopewa, hata kama alichopewa ni uongo. Mwalimu huzikamata faili za namna hiyo kwa kuitazama picha ya sauti katika programu ya kompyuta: mara nyingi kila kitu hukatika ghafla kama kwa kisu, karibu na mitetemo 16,000 kwa sekunde. Huzifuta. Amewahi kuniambia kwamba kaseti yenye mikwaruzo ni bora kuliko faili safi la namna hiyo, kwani kaseti angalau haisemi kuwa ni kitu kingine.

Ila hapo hapo ndipo neno "kamili" linapoanza kunitia mashaka. Kamili kulinganisha na nini? Santuri za mizunguko 45 za Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kuugawa wimbo mmoja mara mbili. Upande wa kwanza una maneno. Sauti inafifia wakati magitaa yanaanza kupamba moto. Unageuza sahani, na upande wa pili unaendelea pale. Wengi waliozicheza nyimbo hizi wanakumbuka ule mwanya wa kugeuza, mtu mmoja akikimbilia gramafoni na wengine wamesimama katikati ya chumba wakisubiri. Je, wimbo kamili ni vipande viwili, kama ulivyouzwa? Au ni kimoja, kama ulivyopigwa studio siku ile? Wapo wanaoviunga kwa ufundi mkubwa hata usijue pa kiungo, na wimbo unasikika vizuri zaidi. Mwalimu haviungi. Anasema hakuwapo studio.

Hata kwa Queen, ambao kwao kila kitu kimetunzwa, asili hukimbia unapoikaribia. Wenyewe wamesimulia kwamba walipokuwa wakitengeneza "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, sauti zao zilipandishwa juu ya nyingine mara nyingi mno, kanda ikapita na kupita tena mtamboni, hadi unga wa sumaku ulipokwisha na utepe ukaanza kupitisha mwanga. Kwa maneno mengine, kuutengeneza wimbo kulikuwa pia ni kuupoteza. Wanaousaka mwanzo usiopungua wa wimbo ule hawataupata, kwa kuwa haukuwapo hata siku moja. Na sisi tunaoizingatia sauti ya Siti binti Saad tunalijua hili tangu zamani: aliposafiri Bombay mwaka 1928 kurikodi, upande mmoja wa sahani haukuweza kubeba zaidi ya dakika tatu au nne, ilhali taarabu ya barazani haikuwa na haraka hiyo. Kilichobaki katika sahani ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa kwa kipimo cha sahani.

Kwa hiyo nisingependa kumsifu mwenye kuhifadhi kwa ukamilifu asiokuwa nao. Anachoweza kukisema kwa ukweli ni kidogo zaidi: tangu kitu hiki kiliponifikia, mimi sikukipunguza. Kwa maoni yangu neno hilo dogo linatosha kuwa wajibu, na ni watu wachache wanaoweza kulisema kuhusu chochote walichokabidhiwa.

Sasa nije katika jambo ambalo tulishindana naye, kwani tulishindana. Mwalimu hampi mtu nakala. Wenye meza za memori kadi wamemwendea, na jamaa wa Dar es Salaam na wa Ulaya, wote wamerudi mikono mitupu. Hoja yake ni ya sheria na ni ya haki pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania Bara, kama ile ya Zanzibar ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2001, iliulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya kufa kwa mtunzi. Ndugu wa Kinyonga walifariki katika miaka ya 1990. Nyimbo zao, basi, zina wenyewe hadi miaka ya 2040. Na nakala isiyopunguzwa, anasema, ni hatari zaidi ya nyingine, kwa kuwa kila atakayeipata anakuwa na kitu kile kile hasa, si kivuli chake. Ukimpa mmoja umewapa wote, na mjane hana tena cha kuuza.

Nilimkumbusha ndiva. Ndiva ni bwawa dogo ambalo Wapare wamekuwa wakilijenga milimani tangu enzi za mababu: maji ya kijito, ambayo peke yake ni machache mno kufika shambani, huachwa yajikusanye usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa yakashuka mferejini kwa nguvu. Maji hukusanywa ili yafunguliwe. Ndiva isiyofunguliwa hufurika, na maji hupotea vile vile kama ambaye hakukusanya. Mwalimu alinijibu kwamba nimelisoma nusu ya jambo. Ndiva ina zamu, na zamu ina wasimamizi wake, na anayekwenda kufungua usiku bila ya zamu yake ni mwizi wa maji hata kama shamba lake limekauka.

Ni jibu zuri, na kwa siku kadhaa sikuwa na la kusema. Lakini naona lina pengo. Zamu hufaa pale ambapo msimamizi yupo na anaweza kuulizwa. Studio na kampuni nyingi zilizochapa santuri hizo zilifungwa au zikauzwa. Kanda nyingi hazijulikani zilipo. Na nyimbo kadha wa kadha alizonazo Mwalimu hazipatikani kwa mwuzaji yeyote, si kwa bei ndogo wala kubwa. Hapo kumlinda mjane kwa kutompa mtu nakala ni kulinda mlango wa duka lisilokuwapo. Na kuna mtu mmoja ambaye sheria na ndiva zinakubaliana kuwa zamu ni yake daima: mwanamuziki mwenyewe, au watoto wake. Diski ikikaa Same, na mtoto wa aliyepiga gitaa hajui kama sauti ya baba yake ipo, basi aliyeihifadhi ameanza kuigeuza amana kuwa milki. Hapunguzi sauti. Anapunguza wanaoisikia, na sijui kama hilo la pili ni jepesi kuliko la kwanza.

Tena kuna upungufu ambao mfumo wa FLAC hauwezi kuutibu, kwa kuwa ulifanyika kabla haijawekwa sindano juu ya santuri. Kila faili lina nafasi za kuandikia: jina la wimbo, la msanii, la albamu, mwaka. Katika mkusanyo wa Queen nafasi hizi zimejaa hadi majina ya wahandisi. Katika ule wa pili, palipoandikwa msanii pana neno moja: Simba Wanyika. Lakini mwaka 1978 waliotoka katika bendi hiyo wakaenda kuunda Les Wanyika hawakuwa wapiga solo. Alikuwa ni Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drams. Yaani hasa wale ambao sikio la kawaida huwahesabu kuwa wako chini ya wengine. Bendi mpya ikatoa "Sina Makosa", na hakuna harusi ya Nairobi wala ya Tanga ya miaka ile ambayo haikuupiga. Waliofunikwa walikuwa ndio waliobeba. Ukiuliza ni nini kilichobadilika katika muziki wa Simba Wanyika baada ya mwaka huo, jawabu limo katika sauti zile zile ambazo hesabu ya MP3 ingezikisia kuwa hazina haja, na majina ya wenye kuzipiga yameanguka bila ya hesabu yoyote, kwa uvivu tu wa mwandishi wa lebo.

Hili Mwalimu amelikubali kwa haraka zaidi kuliko lile la nakala. Amenunua daftari la kurasa mia mbili. Kwa kila wimbo ameuwekea ukurasa, na amekuwa akiwapigia simu wazee wa Tanga na wa Mombasa, mmoja akimpeleka kwa mwingine, akiwauliza nani alishika besi siku hiyo, na nani alipuliza saksafoni. Huandika jina pale tu watu wawili wanapokubaliana bila ya kuwa wamesikilizana. Nilipoondoka Same alikuwa amefika wimbo wa kumi na tisa, na wazee wawili walikuwa wamemwomba, kama malipo ya kumbukumbu zao, awapelekee wimbo waliouzungumzia. Mmoja wao amempelekea. Kwa wa pili alikuwa bado anafikiri.